Tulipoachwa na Ndege Frankfurt

Mtu aliyekulia Tabora anajua tangu utoto kwamba treni moja inaweza kubeba safari mbili. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaingia Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tangu hapo stesheni yetu ni njia panda. Treni ya kutoka Dar inaingia, kichwa kinafunguliwa, mabehewa yanasukumwa huku na kule gizani, yanagongana kwa kishindo mpaka aliyelala anaamka, halafu yaliyokuja pamoja yanaachana: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma. Abiria aliyeshuka kununua karanga au chupa ya asali akirudi huuliza kabla ya kukanyaga ngazi: "Jamani, hili la Mwanza au la Kigoma?" Hakuna anayemshangaa. Ndivyo tulivyolelewa.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Tabora, Urambo, Kaliua na Kigoma wanaojiandaa kwenda Ulaya kwa mwaliko wa kanisa, kwa masomo, au kumwona mtoto aliyeko huko. Wakija kwangu Isevya kuniuliza, maswali huwa yale yale: baridi ikoje, tubebe unga, asali inaruhusiwa kwenye ndege? (Asali ifungwe vizuri na iwekwe kwenye begi kubwa linalokwenda chini. Kwenye begi la mkononi inahesabiwa kuwa kimiminika, na kwenye viwanja vingi chombo kikizidi mililita 100 kinaishia kwenye ukaguzi. Nimeona chupa ya asali safi ya Sikonge ikitupwa kwenye pipa, na iliniuma sana.) Kuhusu treni za huko hakuna anayeuliza. Kila mmoja anadhani ugumu uko angani, na kwamba ukishashika tiketi ya ndege na visa kazi imekwisha. Kilichotugharimu sisi kilikuwa chini, ardhini, katikati ya kituo kimoja na kingine.

Tulialikwa Herrnhut, mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani karibu na mpaka wa Poland na wa Czech. Kwa Mmoravian wa Tabora, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, hapo ni nyumbani kwa babu: mji ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani waliotoka Moravia, na ndiko kinakotoka kitabu cha Neno la kila siku, kinachochapishwa mfululizo tangu mwaka 1731. Nilisimama kwenye makaburi yao pale mlimani, mawe yote yamelala bapa, hakuna la mkubwa wala la mdogo, nikawaza mengi. Lakini hayo ni ya siku nyingine. Tulikuwa na Baba Mchungaji, mstaafu, mzee ambaye baba yake alifanya kazi reli ya Tabora enzi za mkoloni. Kijana mmoja wa kwaya. Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi. Tulirudi na boksi lenye ile nyota ya Herrnhut inayotundikwa makanisani wakati wa Majilio, zawadi ya usharika wetu. Boksi lile lilibebwa kwa mikono safari nzima, maana Baba Mchungaji alikataa katakata lipelekwe chini na mizigo.

Safari ya kurudi ilikuwa hivi: wenyeji walitufikisha Löbau kwa gari, tukapanda treni mpaka Dresden, na kutoka Dresden treni ya mwendokasi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Frankfurt. Kwenye karatasi ni safari nyepesi. Ukifika stesheni ndipo unapoanza kuona mitego.

Wa kwanza ni jina lenyewe. Ujerumani kuna Frankfurt mbili. Moja iko kando ya mto Main, ndiyo yenye uwanja mkubwa wa ndege. Nyingine iko kando ya mto Oder, mpakani na Poland, na kwa mtu anayesafiri kutoka upande ule wa mashariki, jina lake linajitokeza kwenye mbao za ratiba na kwenye simu kirahisi kabisa. Halafu kuna uwanja wa ndege unaoitwa Frankfurt-Hahn, ambao uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt yenyewe. Aliyenunua tiketi ya bei nafuu asome vizuri kabla hajalipa.

Wa pili ni kwamba treni ya kwenda uwanja wa ndege mara nyingi haikuandikwa uwanja wa ndege. Yetu iliandikwa Wiesbaden. Wiesbaden ni mji ulio mbele zaidi, ambako treni inaishia. Uwanja wa ndege ni kituo cha njiani tu. Kijana wetu alisimama jukwaani Dresden anasoma mbele ya behewa, anasoma tiketi, anarudi kusoma behewa, jasho linamtoka na baridi ile. Baba Mchungaji akamwita: "Mwanangu, ukitoka Dar kwenda Tabora, behewa limeandikwa Tabora?" Kijana akasema hapana, limeandikwa Kigoma. "Basi. Tafuta inakoishia, halafu angalia kama kwetu ni njiani." Mzee hajui Kijerumani hata neno la salamu, lakini tangu dakika ile tulimwachia yeye uongozi wa stesheni.

Na alihitajika mapema. Leipzig ni stesheni ambayo reli zinaingia na kukomea ukutani, hazitokei upande wa pili. Treni inaingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Tulikuwa tumekaa tunaangalia mbele, treni ikaanza kuondoka kinyumenyume, na mimi moyo ukanipasuka: tunarudishwa Dresden! Nilianza kuvuta begi. Mzee alinishika mkono akaonyesha kioo kidogo juu ya mlango, ambako majina ya vituo yalikuwa yanapita, na Erfurt ikafuata kama ilivyoandikwa. Frankfurt stesheni kuu nayo ndivyo ilivyo. Mjue hilo ili msishuke kwa hofu katika mji msioujua.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Baada ya Erfurt treni ilisimama porini. Mashamba kushoto, mashamba kulia, hakuna kituo. Tangazo likatoka kwa Kijerumani, watu wakaguna, wakarudi kwenye simu zao. Likatoka jingine. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akatueleza kwa Kiingereza kwamba kuna hitilafu kwenye njia huko mbele na hakuna ajuaye itachukua muda gani. Tulikuwa na muda wa kutosha, tulijipangia saa kadhaa za ziada, na bado nilianza kuhesabu. Saa ya kwanza ilipopita nilijiambia tutawahi. Treni ilipoanza kutembea tena ilitembea taratibu, ikasimama, ikatembea. Halafu tukiwa tunakaribia Frankfurt likaja tangazo la tatu, na mama yule akageuka kututazama kabla hajasema kitu: treni haitafika uwanja wa ndege. Kwa ajili ya kuchelewa, inaishia stesheni kuu ya mjini.

Kama kuna jambo moja ambalo nataka msomaji alikariri, ni hapa. Treni ya huko inaweza kukatishwa njiani, ikaishia pasipoandikwa, na tangazo likawa kwa lugha usiyoijua. Mkiona abiria wengi wanasimama na kuvaa makoti kabla ya kituo chenu, ulizeni mara moja. Msiwaonee aibu. Na ulizeni hata kama nyote mna simu, kwa sababu simu ya kijana wetu ilikuwa bado inaonyesha kwamba tunakwenda uwanja wa ndege.

Stesheni kuu ya Frankfurt ina majukwaa 24 pale juu, chini ya paa kubwa la vyuma na vioo. Treni za kwenda uwanja wa ndege, zile za mji zinazoitwa S-Bahn, nyingi haziko pale. Ziko chini ya ardhi, majukwaa namba 101 hadi 104. Mtu anayetafuta jukwaa baada ya namba 24 anaweza kuzunguka mpaka alie. Tulishuka ngazi za umeme, mabegi, boksi la nyota, na mzee wa miguu mibovu. Chini kule zinapita S8 na S9, zote mbili zinafika uwanja wa ndege. Lakini S8 hiyo hiyo inakwenda pande mbili: ikiandikwa Wiesbaden inakupeleka uwanjani, ikiandikwa Hanau au Offenbach inakuvusha mto na kukutupa upande mwingine kabisa. Namba ni ile ile, rangi ni ile ile. Kijana aliona S8 milango imefunguliwa akaruka mguu mmoja ndani. "Inaishia wapi?" Mzee akauliza kwa sauti, Kiswahili kitupu, katikati ya watu. Ilikuwa ya Hanau. Kijana akatoka. Dakika chache baadaye ikaja ya Wiesbaden upande wa pili.

Nitaje na hili kwa kupita: vituo vile havina mageti. Unatembea tu mpaka kwenye treni. Aliyezoea ukaguzi wa stesheni ya SGR pale Dar anaweza kufikiri treni ya mji ni bure. Si bure. Wakaguzi wanapanda bila kutangaza, na asiye na tiketi analipa faini ya euro 60. Tiketi zetu zilikuwa zimeandikwa mpaka uwanja wa ndege, kwa hiyo zilitufaa, na mimi nilizishika mkononi njia nzima.

Uwanja wa Frankfurt una stesheni mbili za treni, na hapo ndipo wageni wengi hupotezana. Treni za mbali huingia kwenye stesheni yenye majukwaa 4 hadi 7, chini ya jengo kubwa la vioo ng'ambo ya barabara kuu, iliyofunguliwa mwaka 1999. Ukishuka huko unavuka daraja la ndani kwa miguu kufika Terminal 1. Treni za mji huingia majukwaa 1 hadi 3, moja kwa moja chini ya Terminal 1. Mwenyeji akikwambia "nakusubiri stesheni ya uwanja wa ndege", mwulize ipi. Sisi tulishukia hii ya pili, na ndege yetu ilikuwa Terminal 2. Wakati ule Terminal 3 ilikuwa bado inajengwa. Anayesafiri leo aangalie tiketi yake upya, kwa sababu mashirika yanahama.

Kutoka Terminal 1 kwenda 2 kuna kitreni kinachopita juu kwa juu, kinaitwa SkyLine, kipo tangu Terminal 2 ilipofunguliwa mwaka 1994. Hakina dereva na hakina nauli. Kukipata ndiyo kazi: unatoka chini ya ardhi, unapanda, unafika ukumbi wa kuondokea, unapanda tena. Tulipanda lifti moja ikatushusha badala ya kutupandisha, kwa kuwa aliyekuwa ndani alishabonyeza. Nilimwona Baba Mchungaji anaangalia saa yake, anaificha chini ya mkono wa koti, anaiangalia tena.

Kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege bado iko pale, unaiona kwenye ubao, imeandikwa saa yake, lakini kwa safari ndefu kaunta za mizigo hufungwa kama saa nzima kabla ya kuruka. Walikuwepo wafanyakazi wawili wanapanga karatasi. Kijana alitaka kugomba. Nilimwomba akae na mzee.

Nilichofanya pale nakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kilichotuokoa, na nilikijua tu kwa kuwa binti ya dada yangu anafanya kazi kwa wakala wa tiketi Dar na alinisomesha kabla ya safari. Kwanza, sikuondoka kaunta. Mmoja wa wale wafanyakazi wawili, dada wa kaunta, aliniambia kwa upole nirudi kesho ofisi ikifunguliwa. Ukiondoka hivyo, mfumo unakuandika kwamba hukutokea, na kwa kawaida shirika likikuandika hukutokea, vipande vyote vinavyofuata kwenye tiketi ile vinafutwa. Tiketi yetu ilikuwa moja, Frankfurt mpaka Dar kwa kuunganisha ndege njiani. Kipande cha kwanza kikifa, cha pili kinakufa nacho, hata kama kiti chako kinaondoka kitupu. Nilimwambia: "Dada, tumefika, tuko mbele yako, ndege haijaondoka. Naomba uandike hivyo kwenye mfumo, na unipe karatasi." Alinitazama, akaketi, akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa mwisho wa zamu yake.

Pili, niliuliza gharama ya kubadilisha, nikaacha kulalamikia iliyopotea. Kulikuwa na ndege kesho yake usiku yenye nafasi. Tulitakiwa kulipa ada na tofauti ya nauli. Hapa wengi huchanganya mambo: Ulaya wana kanuni, namba 261 ya mwaka 2004, inayolipa abiria fidia ndege ikichelewa kwa muda mrefu au ikifutwa, mpaka euro 600 kwa safari za mbali. Kanuni hiyo ni ya ndege iliyokosea. Ndege yetu haikukosea, iliruka kwa wakati wake. Treni ndiyo iliyochelewa, na tiketi ya treni tulinunuliwa peke yake, mbali na ya ndege, kwa hiyo hakuna aliyewajibika kutuunganisha. Yapo mashirika yanayouza ndege na treni katika tiketi moja, na hapo treni ikichelewa wao ndio wanaokutafutia ndege nyingine. Ninyi mnaoalikwa, mwambieni mwenyeji anayenunua tiketi aulize hilo. Tofauti ya bei ni ndogo ukiilinganisha na tulicholipa usiku ule.

Tatu, kijana alirudi kwenye dawati la reli akaomba uthibitisho wa kuchelewa, wenye mhuri. Sheria ya reli ya Ulaya inarudisha robo ya nauli ukichelewa kufika kwa saa moja au zaidi, na nusu ukichelewa saa mbili. Haifikii gharama ya ndege hata kidogo, lakini karatasi ile yenye mhuri ina kazi nyingine nitakayoieleza.

Fedha ya kubadilisha ilitoka Herrnhut. Niliwapigia wenyeji nikiwa bado nimesimama kaunta, na walilipa kwa kadi kwa simu kabla yule dada hajazima kompyuta. Sitawasahau.

Baada ya hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Baba Mchungaji. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, boksi la nyota mapajani, kofia mkononi. Nilidhani amechoka. Nilipomkaribia akaniambia: "Mwalimu, hela ya sadaka ya watu." Hakuongeza kitu. Yeye alikuwa anawaona mama zetu wa Ipuli na Ng'ambo wanaouza mihogo na dagaa, waliochanga kwa miezi ili twende, na sasa hela nyingine imetoka, ya wageni, na itabidi irudishwe. Alikuwa anawaza pia tutakavyosemwa. Kwetu mtu akiachwa na ndege anahesabiwa mzembe. Watu watasema walikuwa wanazurura madukani. Mzee aliyetumikia kanisa maisha yake yote, aliyeamka alfajiri siku ile na kuwa wa kwanza mlangoni na begi lake, alikuwa anatafuta maneno ya kujitetea mbele ya watu ambao hawajamshtaki.

Nilikaa karibu naye. "Baba, umetuongoza vizuri. Hakuna treni hata moja tuliyokosea leo." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema tupige simu nyumbani sisi wenyewe, usiku ule ule, kabla habari haijafika kwa njia nyingine. Intaneti ya uwanja ni ya bure. Tukampigia mzee wa kanisa Tabora. Kule ilikuwa imeshapita usiku wa manane, maana wakati wa kiangazi Ujerumani iko nyuma yetu saa moja, na majira ya baridi saa mbili. Mzee wa kanisa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Baba Mchungaji amekula?"

Hakuwa amekula. Tulifungua mkate na jibini tuliofungiwa na wenyeji, akameza dawa zake za sukari, ambazo kwa bahati zilikuwa kwenye begi la mkononi. Naomba sana, anayesafiri na mzee au mgonjwa: dawa za siku kadhaa zikae mkononi, kamwe zisiende na begi kubwa. Sisi begi lilikuwa bado letu kwa kuwa halikupokelewa. Lingekuwa limetangulia, tungefanyaje?

Hoteli za pale ni ghali, na tulikwisha kopa vya kutosha. Basi la bure la uwanja lilituvusha kurudi Terminal 1, ambako pana viti vingi zaidi. Frankfurt ndege za ratiba haziruhusiwi kuruka wala kutua kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, kwa ajili ya usingizi wa watu wa vijiji vya jirani, na usiku uwanja ule mkubwa unatulia. Mlango haufungwi, taa haizimwi. Tulipanga zamu: wawili wanalala, mmoja anaangalia mabegi. Alfajiri tulikuta kanisa dogo ndani ya Terminal 1, Baba Mchungaji akaingia akakaa humo mpaka kulipopambazuka. Kwenye stesheni nyingi za Ujerumani kuna pia watu wanaoitwa Bahnhofsmission, kazi ya makanisa iliyoanza Berlin mwaka 1894, wenye vizibao vya bluu. Wanamsaidia msafiri yeyote aliyekwama, bila kumwuliza dini, na huduma yao ni bure. Niliwajua baadaye. Wajueni mapema.

Nilisema ile karatasi yenye mhuri ina kazi nyingine. Ni visa. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ina tarehe za kuingia na kutoka, na ndani yake ina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Tarehe inaweza kuwa bado, siku zikawa zimekwisha. Aliyeombewa siku kamili za mwaliko, akaachwa na ndege siku ya mwisho, anaamka kesho akiwa amezidisha. Kifungu cha 33 cha kanuni zao za visa kinaruhusu mtu aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake kuongezewa muda bila malipo, lakini lazima aombe kabla muda haujaisha na awe na ushahidi. Sisi katibu wetu wa ofisi ya Tabora alikuwa ameomba siku zaidi ya zile za mwaliko, na wakati ule niliona anasumbua tu kwa kuongeza karatasi. Siku hizo ndizo zilizotufanya tupite kwenye dirisha la uhamiaji kesho yake bila swali.

Bima nayo. Huwezi kupata visa ile bila bima ya afya ya angalau euro 30,000, na wengi wetu tukishailipia tunasema "tuna bima". Bima ile ya bei ya chini inatibu. Ndege ikikuacha haikujui. Kusoma karatasi ya bima kunachosha, lakini isomwe.

Ndege ya kesho ilikwenda salama, na tulifika Dar siku moja baada ya tiketi yetu ya ndani ya kwenda Tabora kuwa imekwisha kufa. Hiyo nayo ilikuwa tiketi ya peke yake. Tulipanda SGR mpaka Dodoma, tukalala, tukachukua basi. Boksi la nyota lilifika bila mkunjo.

Tangu hapo nimewauliza wengine waliosafiri, na naona jambo ni lile lile kila mji. Mdogo wangu aliyesoma London anasema njia ya Piccadilly inagawanyika kituo cha Acton Town: treni moja inakwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, nyingine inakwenda Uxbridge, na hata zile za Heathrow, kuna zinazopitia Terminal 4 na zinazoelekea Terminal 5. Paris, treni ya RER B inagawanyika Aulnay-sous-Bois: tawi moja uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, jingine Mitry-Claye. Na huko huko Ujerumani ziko treni za mwendokasi zinazokatwa katikati kwenye stesheni ya njiani, mabehewa ya mbele mji mwingine na ya nyuma mji mwingine, kabisa kabisa kama usiku wa Tabora. Kwa hiyo swali la Baba Mchungaji linafanya kazi kote, na mtu wa njia panda hana sababu ya kuingia huko kwa unyonge.

Ila swali hilo haliwezi kuharakisha treni iliyosimama porini. Kwa hilo dawa ninayoiona ni moja, na nimeisema kwenye kikao cha baraza la wazee mbele ya watu waliokunja uso: mtu anayetoka mbali kwenda kupanda ndege ya Ulaya kurudi nyumbani alale karibu na uwanja usiku wa kuamkia safari. Iwe kwa mshirika wa kanisa, iwe hosteli. Mmoja wa wazee alisema huo ni ufahari. Nikasoma mbele yao stakabadhi za ada ya kubadilisha, tofauti ya nauli, tiketi ya ndani iliyopotea, malazi ya Dodoma na basi, moja baada ya nyingine, polepole. Baba Mchungaji alikuwepo, amekaa nyuma, hakusema kitu mpaka alipoulizwa. Akasimama akasema vijana wakipangiwa mahali pa kulala yeye atachangia wa kwanza.

Deni la Herrnhut tumelipa nusu. Nusu wenyeji wameisamehe kwa barua. Kundi lijalo la kwaya lina mwaliko, na kwenye bajeti yao, chini ya nauli na juu ya bima, mhazini ameandika mstari mpya: malazi Frankfurt, usiku mmoja.